Bwana Utaratibu na Ofisi ya Mama

Mama yangu anatafsiri maelekezo ya mashine. Ukinunua pasi, blenda au pampu ya maji, ukakuta ndani ya boksi kijitabu kinachokuonya kwa Kiswahili usichezee waya kwa mikono yenye maji, huenda onyo hilo limetoka kwenye meza yetu ya kulia chakula, kati ya chupa ya chai na kikapu cha vitunguu. Hapo ndipo alipofanyia kazi tangu mimi niko shule ya msingi. Kompyuta aliiweka juu ya sufuria iliyopinduliwa ili kioo kifike usawa wa macho, akakalia mto wa kochi, na mguu mmoja akaupumzisha kwenye kigoda. Sufuria ikihitajika jikoni, kompyuta ilihamia juu ya kamusi.

Mambo yalikwenda kwa sababu mchana nyumba ilikuwa yake peke yake. Kaka na dada zangu walishaoa na kuolewa. Mimi, kitinda mimba, ndiye niliyebaki nyumbani, na siku nzima nilikuwa kwenye duka la dawa ninakouza. Baba alikuwa idara ya maji. Hakuwa mtu wa mabomba. Alikuwa mkuu wa utawala, yule anayehakikisha kila mgeni amesaini, kila faili limerudi mahali pake na kila kikao kimeanza kwa wakati. Wafanyakazi wenzake walimwita Bwana Utaratibu, maana hakuwa na mazungumzo ambayo neno hilo halikuingia. Jina lilimfuata mtaani, na mwisho likavuka hadi ndani ya nyumba. Mama alimwita hivyo akiwa amekasirika sana, au akiwa na furaha sana, na Baba hakuweza kutofautisha mapema.

Kisha Baba akastaafu. Walimsomea hotuba, wakampa saa ya ukutani, wakamrudisha nyumbani na gari la idara. Wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili aliamka, akavaa shati lililopigwa pasi, akaanza kuzunguka nyumba mikono nyuma kama mkaguzi. Alipanga viatu vyetu mlangoni kwa ukubwa. Alipanga viungo vya jikoni kwa alfabeti, tukanywa chai yenye bizari kwa sababu mdalasini haukuwa tena pale mkono wa Mama ulipouzoea. Mama alivumilia. Aliniambia kwamba mtu akitoka safari ndefu lazima apewe muda wa kutua mizigo.

Asubuhi moja Mama aliinuka mezani, akafika katikati, akakwama. Akabaki ameinama, mkono mmoja kiunoni, hawezi kwenda juu wala kurudi chini. Baba alimtazama kidogo, akamuuliza amedondosha nini. Tulipoelewa kuwa ni mgongo, tulimpeleka hospitali, na mtaalamu wa viungo akamuuliza anakaliaje kazini. Mama akaeleza habari ya mto, kigoda na sufuria. Yule dada akaacha kuandika. Akamwambia atafute kiti cha maana, chenye mgongo na cha kupanda na kushuka, la sivyo watakuwa wanaonana mara kwa mara.

Tulipofika nyumbani Mama akasema Jumamosi atakwenda kununua kiti. Baba akakunja gazeti. Sijawahi kuona uso wake ukichangamka namna ile tangu siku ya hotuba.

"Niachie mimi, mama watoto," alisema. "Kiti hakikai hewani. Kiti ni sehemu ya ofisi."

Mama alikuwa na maumivu, na dawa alizopewa zilikuwa za kulegeza misuli. Nadhani zililegeza na msimamo. Akamwachia.

Ofisi ingekuwa kwenye chumba cha stoo, nyuma ya jiko. Zamani kilikuwa chumba cha kufulia, kabla hatujakijaza mabegi, feni mbovu na magodoro ambayo kila mtu alidai ni ya mwenziwe. Baba alikitoa vitu vyote uani, akavipanga, akavitenga, akavijadili na nafsi yake kwa sauti. Kisha akachukua futi kamba na kuja kumpima Mama. Alimpima akiwa amekaa anafanya kazi: goti hadi sakafuni, kiwiko hadi kwenye paja, jicho hadi kwenye kioo. Mama alikuwa amepokea kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, kitabu cha maelekezo ya kitanda cha hospitali kinachonyanyuka kwa mota, na ilitakiwa mwisho wa mwezi. Aliinua mkono alipoambiwa auinue, akashusha alipoambiwa aushushe, macho hayakutoka kwenye kioo. Nikamwuliza kama hasumbuki. Akasema yeye sasa ni kama shati linaloshonwa, halina la kusema.

Meza alipewa seremala mmoja wa mtaa wa pili ambaye watu wote wanamwita Kesho, na aliyemwita hivyo wa kwanza hakukosea. Ila Baba alikuwa amekwisha kushinda watu wagumu kuliko Kesho. Alimbebea kiti cha plastiki hadi kwenye karakana, akakaa mbele yake na gazeti, akafanya hivyo kila siku hadi meza ikaisha. Nasikia Kesho alimaliza haraka ili apate kuvuta sigara kwa amani.

Ilikuwa meza ya mkurugenzi. Ilikuwa na droo pande zote mbili, uso mpana wa kulala mtu mzima, na ukingo wa kuchongwa. Walipoifikisha mlango wa stoo wakaigeuza hivi, wakaigeuza vile, wakailaza ubavu, meza ikagoma. Kesho akamtazama Baba, Baba akatazama vipimo vyake. Alimpima Mama kila mahali, lakini mlango hakuupima. Mwishowe wakang'oa nondo za dirisha, wakaipitisha meza kwa nyuma, wakarudisha nondo na saruji mpya. Kesho alijipangusa jasho akasema hiyo sasa haitoki tena, wala mwizi akija na lori.

Nisimnyime Baba haki yake. Chumba kilipendeza. Kuta alizipaka rangi nyeupe yenye kuelekea maziwa. Dirisha alilitia pazia jepesi linaloingiza mwanga bila kumpiga mtu machoni. Taa aliiweka kushoto, maana Mama anaandika kwa mkono wa kulia na kivuli kisimwangukie. Kompyuta ilipata stendi yake ya mbao, na nyaya zote zilifungwa pamoja zikapita chini ya meza bila kuonekana. Kiti kilikuja mwisho, cheusi, chenye magurudumu na mgongo unaokumbatia kiuno. Mama alipokikalia alifumba macho. Akasema, pole pole, kwamba hakujua kumbe watu wengine wanafanya kazi bila kuumia. Baba aligeuka kutazama dirishani, akajifanya anakagua saruji.

Tatizo la kwanza lilikuwa sakafu. Chumba cha kufulia kinajengwa na mteremko ili maji yaende kwenye tundu la pembeni, na sakafu ile haikuwa imesahau kazi yake. Siku ya kwanza ya ofisi Mama alikuwa na mkutano wa video na wateja wa kitanda. Siku ile zamu yangu ilikuwa ya mchana na asubuhi nilikuwa nyumbani, kwa hiyo niliyaona mwenyewe kutoka mlangoni. Mama alikuwa akieleza kwa nini "kuinua mgonjwa" na "kunyanyua mgonjwa" si jambo lilelile, na huku anaeleza, kiti kikaanza safari. Hakikukimbia. Kilikwenda kwa heshima. Kwenye kioo likaondoka kwanza sikio, kisha nusu ya uso, mwisho pakabaki ukuta mweupe na sauti ya Mama ikiendelea kutoka pembeni kama ya mtangazaji wa redio. Mteja mmoja aliuliza kwa adabu kama mama bado yupo. Mama alijibu kwamba yupo, akajivuta kwa kushika ukingo wa meza, na muda wote uliobaki aliukumbatia mguu wa meza kwa mguu wake.

Baba hakushindwa. Akamwagiza Kesho ubao ulionyanyuliwa upande mmoja, wenye mashimo manne, na magurudumu ya kiti yakatumbukizwa humo yakatulia kama mayai kwenye trei. Mama akasema sasa ahsante sana, imetosha, niacheni nifanye kazi.

Hapo ndipo kazi ya Baba ilipoanza.

Siku iliyofuata nilikuta benchi kwenye korido, nje ya mlango wa stoo. Juu ya mlango palikuwa na kibao: OFISI YA TAFSIRI. Chini yake kibao kidogo cha kugeuza, upande mmoja YUPO, upande wa pili YUKO KIKAONI. Baba alikuwa amejiwekea kimeza pale koridoni, chenye simu ya nyumbani na kengele ya mezani. Saa nne kamili aligonga mlango akaingiza chai. Baadaye aligonga kuchukua kikombe. Akagonga kuuliza kama chai ilikuwa na sukari ya kutosha. Akagonga kuuliza kama kugonga kwake kunasumbua.

Jumatatu aliitisha kikao cha wafanyakazi wote, yaani Mama. Mimi nilihudhuria kama mjumbe mwalikwa. Ajenda zilikuwa kufungua kikao, yatokanayo na mengineyo. Mama akasema yatokanayo hayawezi kuwepo kwa sababu hapajawahi kuwa na kikao kilichotangulia. Baba akamshukuru kwa hoja nzuri akasema itaingia kwenye yatokanayo ya wiki ijayo. Kwenye mengineyo tulijadili nani apike mchana. Ikaamuliwa ni Mama.

Dada yangu alipopiga simu ya nyumbani, Baba alimwomba asubiri kwenye laini aangalie kama mhusika ana nafasi. Dada akanipigia mimi kazini akaniuliza kama mzee anaumwa. Lakini lililotikisa ukoo lilikuwa la shangazi. Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, aliyembeba mgongoni, aliyemfunga vifungo vya shati la shule, na ambaye hajawahi kubisha hodi kwetu mara mbili. Alikuja kusalimia, akapita moja kwa moja kuelekea kwa wifi yake, akakuta kaka yake amesimama mbele ya mlango.

"Shikamoo, dada," Baba alisema. "Una miadi?"

Shangazi alimtazama juu hadi chini, kisha chini hadi juu. Akasema hana miadi, ila ana muda. Akakaa kwenye benchi, akaweka mkoba wake magotini, akangoja. Baba alimletea maji. Akayakataa. Akamletea gazeti. Akalikalia. Mama alipotoka kwenda chooni alimkuta wifi yake ameketi wima kama anayesubiri majibu ya daktari, akapigwa na butwaa. Shangazi akamwambia asijali, aendelee na kazi, yeye atasubiri zamu yake kama raia wengine. Ilibidi kazi ilale siku nzima, Mama akabaki kumbembeleza, na bado shangazi aliondoka akiahidi kuwapelekea watu wa ukoo habari motomoto.

Basi ukawa mzunguko huo. Mgongo wa Mama ulipona, lakini kitabu cha kitanda hakikusonga. Ukurasa aliozoea kuumaliza kabla ya chakula cha mchana sasa ulimchukua siku nzima. Aliniambia jikoni, huku akimenya viazi kwa nguvu kuliko viazi vilivyostahili, kwamba hajawahi kuwa na mahali pazuri pa kufanyia kazi kama pale, wala hajawahi kushindwa kufanya kazi kama sasa. Nikamshauri amwambie Baba. Akasema amejaribu. Kila akianza, Baba anamuuliza kama angependa hoja hiyo iingie kwenye kikao.

Nadhani angeendelea kuvumilia kama si kibao cha getini. Siku moja kijana wa kusambaza vifurushi alipotea njia akileta mashine ya kuchapa, Baba akaona huo ni upungufu wa kiutawala. Akatundika kibao kikubwa getini chenye mshale: OFISI. KARIBU. FUATA UTARATIBU.

Mtu wa kwanza kuufuata mshale alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kutoka barabara ya nyuma. Alikaa kwenye benchi na kofia mkononi, akauliza ofisi hii inahusika na nini hasa. Baba alifikiri.

"Inategemea," alisema. "Wewe shida yako ni nini?"

Shida yake ilikuwa mita ya umeme. Namba ya mita yake ilichanganywa na ya jirani, akinunua umeme yeye, taa zinawaka kwa mwenziwe. Amekwenda ofisi za umeme akarushwa dirisha hili hadi dirisha lile mpaka akachoka. Baba akavuta kiti. Akamuuliza aliongea na nani, ana karatasi gani, jirani yuko tayari kwenda naye au hayuko. Akamwambia madirisha hayo yote aachane nayo, aende kwa mtu wa ukaguzi wa mita, aende asubuhi, aende na huyo jirani wasimame pamoja. Baada ya siku chache fundi akarudi kushukuru. Taa zake zinawaka. Na alikuwa amewaambia watu.

Wakaanza kuja. Alikuja muuza nguo aliyeandikiwa barua asiyoielewa. Alikuja mpangaji aliyetaka kujua kama mwenye nyumba anaweza kumfungia bomba. Alikuja kijana mmoja kuulizia kazi, Baba akamkaribisha kwanza kwa mahojiano. Nilikuwa nikirudi nyumbani nakuta watu kwenye benchi, mlangoni na uani, wakiongea kwa kunong'ona kama watu walioko hospitali, na Baba katikati yao, mikono ya shati imekunjwa, anang'aa.

Mama akatoka. Alikuwa ameshika kikombe kitupu, miwani kichwani, siku zilizobaki kabla ya kukabidhi kazi zikiwa zimemkaa kooni. Watu wote koridoni wakasimama kwa pamoja. Mzee mmoja akavua kofia akasema, "Shikamoo, mheshimiwa mkurugenzi." Mwanamke aliyekuwa karibu na mlango akamwomba, kwa kuwa ametoka mwenyewe, amsikilize japo kidogo, amengoja tangu asubuhi.

Mama aliitikia salamu ya yule mzee. Akawaomba radhi wote, akawaambia ofisi imefungwa kwa leo, akawasindikiza hadi getini mmoja mmoja, kwa upole ulionitisha. Alipofunga geti akarudi koridoni, na Baba alikuwa bado amesimama, kalamu mkononi.

"Baba watoto," Mama alisema, "mimi sikukuomba ofisi. Nilikuomba kiti."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Akaendelea kwamba anafanya kazi kwenye stendi ya mabasi, kwamba wateja wakimnyang'anya kazi hii hawatamrudia tena, kwamba akitaka kwenda chooni kwenye nyumba yake lazima apite mapokezi. Akasema ofisi anayoililia Baba waliifunga siku ile ya gari la idara, na si kazi yake yeye kumfungulia nyingine.

Hilo la mwisho lilipotoka, nilimwona Mama mwenyewe akitamani alirudishe. Uso wa Baba ulishuka. Alisema tu, "Sawa, nimekuelewa." Akaichomoa simu, akaibeba kengele, akashusha kibao cha mlangoni. Alikwenda getini na bisibisi akashusha na kile cha mshale. Benchi alilibeba peke yake hadi barazani, akalikalia.

Kesho yake nyumba ilikuwa kimya. Nilikuwa na siku ya mapumziko, na hata mimi niliosha vyombo kwa kuvishika kama watoto wachanga. Mama aliingia stoo, akakaa kwenye kiti chake, akawasha taa ya kushoto. Hakuna aliyegonga. Saa nne ikafika, chai haikuja. Nilipochungulia nilimkuta amekaa mbele ya ukurasa uleule, mikono mapajani.

"Anafanya nini?" aliniuliza.

Nikamwambia amekaa barazani.

"Anasoma gazeti?"

Nikamwambia hapana, amekaa tu.

Mama akarudi kutazama kioo. Baada ya kitambo aliniuliza tena. Nikamwambia bado amekaa tu. Akaniambia kelele za Baba alikuwa ameshaanza kuzizoea, lakini huyu Baba asiyefanya kitu anapiga kelele zaidi.

Ndipo geti likalia. Alikuwa bibi mmoja, amejifunga leso kichwani, kamshika mkono binti wa kama darasa la saba. Alimsalimia Baba akamuuliza kama hapa ndipo kwenye ile ofisi ya kufuata utaratibu. Baba akamjibu kwa heshima kwamba ofisi imefungwa. Bibi akauliza itafunguliwa lini. Baba akasema haitafunguliwa. Bibi akasema basi, ahsante, akakaa kwenye ngazi ya baraza apumzishe miguu, na kwa kuwa alikuwa amekuja na maneno yake yote tayari, akayasema vivyo hivyo. Mjukuu wake huyu, kwenye cheti cha kuzaliwa, aliandikwa mwanamume. Miaka yote hakuna aliyejali. Sasa amefaulu, na wamempangia shule ya bweni. Ya wavulana. Amewauliza wakubwa wa shule, wakamwambia karatasi haisemi uongo.

"Na sare wametutajia," bibi alisema. "Suruali na tai."

Binti alitazama viatu vyake. Niliuona mkono wa Baba ukienda kwenye mfuko wa shati kutafuta kalamu, kisha ukashuka.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikumsikia akija. Alipita, akamwamkia bibi, akamshika mkono akamwinua, akamwongoza na mjukuu wake kupitia koridoni hadi stoo. Akaifunga kompyuta, akaibana kwapani. Kisha akakinyanyua kiti cheusi kutoka kwenye ubao wake, akakisukuma hadi mlangoni, na mahali pake akasogeza viti vya mbao, viwili vya wageni na kimoja nyuma ya ile meza ya mkurugenzi. Akatoka hadi barazani.

"Bwana Utaratibu," alisema, "una wageni ofisini kwako."

Baba alimtazama kwa muda. Nadhani alikuwa anajaribu kujua kama hilo ni jina la hasira au la furaha. Kisha akainuka, akajipangusa suruali nyuma, akaingia ndani.

Mama alikisukuma kiti hadi chumba cha kulia. Sakafu ya pale ni tambarare kabisa. Alikipandisha kidogo, akajaribu, akakishusha, akaniagiza nimletee ile stendi ya mbao. Akaisogeza meza ya kulia karibu na dirisha la uani ili mwanga umjie kwa upande. Kupitia ukuta wa jiko ilisikika sauti ya Baba ikimuuliza bibi kama ana kadi ya kliniki ya mtoto, na kama mkunga aliyemzalisha mama yake bado yu hai. Mama akafungua kompyuta, akaanza kuandika, na hakusimama hadi nilipomwita kula. Mchana huo tulikula sahani zikiwa magotini, maana meza ilikuwa na kitanda cha hospitali juu yake.

Alikabidhi kazi siku ileile iliyotakiwa, na waliipokea bila neno. Kwa wateja wale hayo ndiyo makofi. Jambo la cheti lilichukua muda mrefu zaidi. Baba aliongozana na bibi mara kadhaa, shati limepigwa pasi, mpaka cheti kipya kikatoka na binti akapangiwa shule ya wasichana. Kibao cha getini hakikurudi. Walirudi watu, kwa kuambizana. Benchi lilibaki barazani na wageni wakawa wanapita kwa mlango wa nyuma, moja kwa moja hadi stoo, ili koridoni pasiwe na mtu. Hilo lilikuwa sharti la Mama. La pili lilikuwa kwamba kabla ya saa saba mchana hakuna anayemsemesha, hata nyumba ikiungua, labda moto uwe umefika chumba cha kulia. Shangazi aliposikia sharti hilo alikubaliana nalo, kisha akaingia moja kwa moja akamsemesha.

Siku moja nilirudi mapema kutoka kazini nikasikia sauti stoo. Wageni wote walikuwa wameondoka. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgeni, kandambili amezivua, nyayo zake mbili amezipandisha juu ya ile meza isiyotoka. Baba alikuwa upande wa pili, kalamu mkononi.

"Nina shida na mume wangu," Mama alikuwa akisema.

Baba aliuliza shida hiyo ilianza lini.

"Tangu alipostaafu."

"Ana tabia gani?"

"Anapanga viungo kwa alfabeti."

Baba akaandika, akapiga mstari chini. Akamuuliza kama amekuja na vielelezo. Mama akasema vielelezo viko jikoni, na kwa kuwa afisa mwenyewe anaonekana hana mgeni mwingine, aende akavikague, na akiwa huko huko abandike na chai. Baba akavua miwani, akazunguka meza yake, akaenda jikoni. Mama akabaki pale ameegemea, anajinyoosha vidole vya miguu.